Misimu ya kero katika michezo ya mtandaoni: maana, matumizi na visawe vyake vya Kiswahili

Ufafanuzi

Misimu ya michezo ya mtandaoni ni maneno, vifupisho na mafumbo yanayotumiwa na watu wanaocheza gemu kwa pamoja kupitia intaneti. Sehemu kubwa ya msamiati huo ni ya kazi tu: hutaja silaha, mahali, daraja la mchezaji au hali ya mtandao. Makala haya yanahusu sehemu nyingine, yaani maneno ambayo wachezaji wenyewe huyalalamikia kuwa ni kero, pamoja na tabia zinazotajwa na maneno hayo.

Kwa mfasiri, mwalimu na mtunga kamusi, maneno hayo yana ugumu wa namna mbili. Kwanza, ukali wake mara nyingi haumo katika maana ya msingi ya neno, bali katika wakati linapotamkwa na nafasi ya anayelitamka. Pili, wengi hudhani kwamba Kiswahili hakina visawe vyake, ilhali lugha ya viwanja vya mpira ilikwisha kuzipa majina tabia nyingi za aina hiyo kabla ya gemu kuenea.

Chimbuko

Misimu hii ilizaliwa katika uandishi wa haraka. Mchezaji wa miaka ya 1990 alilazimika kuondoa mikono kwenye vitufe vya mchezo ili aandike ujumbe, na kila sekunde ya kuandika ilikuwa sekunde ya hatari. Kwa sababu hiyo vifupisho vilitawala, na hata makosa ya chapa yalipata uraia. Neno "pwn", lenye maana ya kumshinda mtu kwa aibu, kwa kawaida huelezwa kuwa ni kosa la kuandika kitenzi cha Kiingereza "own", kwa kuwa herufi o na p zinapakana kwenye kibodi. Kosa lililorudiwa kwa makusudi likawa neno.

Chanzo kingine ni mitambo ya michezo yenyewe. Katika World of Warcraft, gemu iliyotolewa mwaka 2004, kambi mbili hasimu hazikuruhusiwa kuelewana. Mchezaji wa kambi ya Horde alipoandika "lol" kuonyesha kicheko, mpinzani wake wa kambi ya Alliance aliona "kek". Wachezaji wakaanza kuandika "kek" hata nje ya gemu hiyo, kama kicheko chenye chembe ya dharau, yaani kicheko cha adui.

Mambo matatu yaliikuza misimu hii na kuitia ukali: haraka, ushindani na kutojulikana. Wachezaji hukutana kwa dakika chache, hawaonani nyuso, kisha hutawanyika. Aliyetukana leo huenda asikutane tena na aliyemtukana.

Kutoka adabu hadi dhihaka: "gg" na "ez"

Hakuna mfano unaoonyesha tatizo la maana kwa uwazi zaidi kuliko "gg", kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mchezo mzuri". Katika StarCraft, gemu ya mwaka 1998 iliyopata umaarufu mkubwa sana Korea Kusini, "gg" lilikuwa tamko la anayeshindwa. Mchezaji aliyeona hana tena njia aliandika herufi hizo mbili, kisha akatoka. Lilikuwa neno la kusalimu amri kwa heshima, na roho yake inakaribiana na usemi wa Kiswahili usemao kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kanuni iliyofichika ni kwamba "gg" ni haki ya anayeshindwa kulitoa kwanza. Mshindi akilitangulia kabla mchezo haujaisha, maana hubadilika: anamwambia mwenzake kwamba kazi imekwisha na hana haja ya kuendelea kujisumbua. Herufi ni zile zile, tafsiri ya kamusi ni ile ile, lakini tendo la lugha limegeuka kutoka shukrani hadi kebehi.

Hatua ya tatu ni "gg ez", ambapo "ez" ni mkato wa neno la Kiingereza lenye maana ya "rahisi". Hapa dhihaka haijifichi tena: ushindi umepatikana bila jasho, na aliyeshindwa hakustahili hata kuitwa mpinzani. Mwaka 2016, watengenezaji wa Overwatch waliamua kuishughulikia kero hiyo kwa mzaha. Mchezaji aliyeandika maneno hayo katika gumzo la wote aliona yamebadilishwa na sentensi za kujidhalilisha, mfano wa maneno ya mtoto mdogo anayetakiwa kwenda kulala. Mwaka 2021, League of Legends ilichukua hatua kali zaidi na kuzima gumzo kati ya timu pinzani katika mechi za kawaida. Alama za hisia ziliachwa, na dhihaka ikaendelea kupitia alama hizo.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kwa wanaisimu. Katika Rocket League, gemu ya mwaka 2015 ya kucheza mpira kwa magari, wachezaji wana sentensi zilizoandaliwa tayari, mojawapo ikiwa ya kumsifu aliyeokoa goli. Sentensi hiyo ilikusudiwa kuwa pongezi. Wachezaji huituma pale mpinzani anapofungwa goli la kizembe, na baadhi yao huirudia mara nyingi mfululizo hadi mfumo unawafungia gumzo kwa muda. Hakuna tusi hata moja katika maneno yake. Kinaya ndicho kinachofanya kazi yote. Orodha ya maneno yaliyokatazwa haiwezi kuikamata.

*Matumizi.* Anayetafsiri "gg ez" kama "mchezo mzuri, rahisi" ametafsiri kila neno na kupoteza usemi wote. Msomaji wa tafsiri hiyo ataona sifa mahali palipo na tusi. Ikiwa tafsiri ni sehemu ya malalamiko yanayopelekwa kwa wasimamizi wa gemu, mlalamikaji ataonekana anayelalamika bila sababu. Lugha ya wanahabari wa michezo ina neno "mteremko", kwa maana ya jambo lisilohitaji nguvu, kama katika "ushindi wa mteremko". Tafsiri "Asanteni kwa mteremko" huhifadhi mambo yote mawili: ganda la adabu na kiini cha dharau. Kwa "gg" ya kawaida baada ya mchezo kuisha, "mchezo mzuri" au "mmecheza vizuri" inatosha.

Maneno ya kumdharau mchezaji

"Noob" limetokana na neno "newbie", yaani mgeni katika jambo. Maneno haya mawili yana asili moja lakini yameachana. "Newbie" humtaja anayejifunza, tena kwa upole. "Noob" humtaja anayecheza vibaya na asiyetaka kujifunza, hata kama amecheza kwa miaka mingi. Kiswahili kina uwezo kamili wa kuidumisha tofauti hiyo. *Mwanagenzi*, yaani anayejifunza kazi au fani, linafaa kwa "newbie". Kwa "noob" yapo *limbukeni*, *mshamba* na *kibonde*, kila moja na mwelekeo wake.

*Limbukeni* lina uhusiano na kitenzi *limbuka*, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu. Humtaja mtu aliyepata kitu kwa mara ya kwanza akakitumia kwa pupa na majivuno. Linamfaa sana mchezaji aliyenunua silaha ya bei kubwa katika gemu naye hajui kuitumia. *Mshamba* husisitiza kutojua taratibu za mahali. *Kibonde*, neno la wapenzi wa mpira, humtaja mtu au timu inayofungwa na kila mtu. Mfano:

— Msimlaumu, bado ni mwanagenzi, mwacheni azoee.
— Limbukeni huyu ana vifaa vyote, lakini hajui hata kujificha.
— Tumepangiwa vibonde. Hii ni mechi ya dakika tano.

Neno *kurutu*, yaani askari aliye mafunzoni, linakaa katikati ya ncha hizo. Lafaa katika gemu za kijeshi, ambamo mzaha wa kambi ya mafunzo unaeleweka.

"Bot", mkato wa neno "roboti", humtaja mhusika anayeendeshwa na programu. Kumwita mtu hivyo ni kumwambia kwamba anacheza kama mashine isiyofikiri. Neno *roboti* linaeleweka bila maelezo, lakini katika maandishi mfasiri ahakikishe kwamba muktadha unaonyesha kuwa ni kejeli, kwa sababu gemu nyingi za simu huchanganya kwa kweli wachezaji wa programu na watu.

Tabia zinazolalamikiwa

Kuvizia mahali pamoja. Katika gemu za kufyatuliana risasi, mchezaji anayejibanza pembeni akisubiri wengine wapite huitwa "camper", kana kwamba amepiga hema. Kiswahili kina *kuvizia* na *kuotea*. Kitenzi cha pili kina historia inayofundisha. Maana yake ya msingi ni kumnyatia au kumsubiri windo mafichoni. Mpira wa miguu ulipohitaji jina la kosa la mshambuliaji anayekaa karibu na goli la wapinzani nyuma ya mabeki, wasemaji walilichukua neno hilo la uwindaji. Hivyo Kiswahili kilikwisha kuliona kosa lenyewe: kujipatia faida kwa kusubiri badala ya kucheza. Hata hivyo, *kuotea* sasa linamwelekeza msikilizaji moja kwa moja kwenye mpira. Kwa gemu za risasi, *kuvizia* ni salama zaidi, na mtendaji wake ni *mvizia*: "Ghorofa ya pili kuna mvizia, msipite mlangoni."

Hodari aliyejificha. "Smurf" ni mchezaji stadi anayefungua akaunti mpya ili apangiwe wachezaji wa daraja la chini na kuwaadhiri. Jina hilo lilitokana na wachezaji mashuhuri wa Warcraft II, katikati ya miaka ya 1990, waliojificha nyuma ya majina ya wahusika wa Smurfs, vibonzo vya rangi ya buluu vilivyobuniwa mwaka 1958 na msanii wa Ubelgiji aitwaye Peyo. Anayetafsiri kwa kutaja vibonzo atamchanganya msomaji. Tanzania, mashindano ya shule na ya watumishi wa umma yana neno *mamluki* kwa mchezaji anayeingizwa katika timu asiyostahili kuichezea, na kelele za kumkataa mamluki zinajulikana vizuri viwanjani. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu na ambalo pia humtaja askari wa kukodiwa, linabeba lawama ile ile ya udanganyifu kuhusu hadhi. Tofauti ni moja: mamluki wa uwanjani huletwa na timu, ilhali wa mtandaoni hujileta mwenyewe. Inapobidi, "mamluki wa akaunti" huondoa utata.

Kutoka kwa hasira. Kukatisha mchezo kwa sababu ya kushindwa huitwa "rage quit". Baadhi ya tafsiri huandika "kuacha kwa hasira", jambo ambalo ni maelezo wala si jina. Kiswahili kina *kususa* na *kuzira*. *Kususa* ni kukataa kuendelea na jambo kwa kinyongo. *Kuzira* ni karibu na hilo, na aghalabu hutumika kwa anayekataa chakula. Tena usemi *kutia mpira kwapani* hutumika viwanjani kwa timu inayokataa kuendelea na mechi. "Amefungwa mbili tu, katia mpira kwapani" haihitaji maelezo kwa msomaji yeyote aliyekulia karibu na uwanja.

Kupoteza utulivu. "Tilt" lilitoka kwenye mashine za kuchezea gololi, ambazo husimamisha mchezo zikiinamishwa kwa nguvu. Likapita kwa wacheza karata za kamari, kisha likaingia katika gemu. Humtaja mtu aliyeudhika hadi anafanya makosa yanayozidi kumwudhi. *Kukasirika* ni pana mno. *Kuhamanika* ndicho kitenzi kinachokaribia zaidi, kwa kuwa hujumlisha wasiwasi, hasira na kuvurugikiwa. Kumfanya mtu awe hivyo kwa makusudi ni *kumhamanisha*.

Kuharibu kwa ajili ya kuharibu. "Griefer" hataki kushinda. Katika gemu za ulimwengu wa pamoja, kama Ultima Online ya mwaka 1997 na baadaye Minecraft, hubomoa alichojenga mwenzake au kumfuata mgeni mmoja na kumwua tena na tena. *Mshindani* na *mpinzani* hayafai, kwa sababu hashindani na mtu. *Mharibifu* linafaa katika maandishi ya kawaida. Katika mazungumzo, usemi *kumtia mtu mchanga katika kitumbua chake* unaeleza kwa usahihi ubaya usiomletea faida mtendaji wake.

Marafiki bandia wa tafsiri

Utajiri wa lugha ya uwanjani una mitego yake. Maneno matatu yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu tafsiri mbaya inaweza kumtuhumu mtu kosa ambalo hakulitenda.

*Kubebwa.* Katika gemu, aliyebebwa ni mchezaji dhaifu aliyeshinda kwa jitihada za mwenzake. Katika lugha ya mpira, timu inayobebwa ni ile inayopendelewa na mwamuzi, na washabiki huongeza kwamba imefungwa mbeleko. Sentensi "Mmebebwa leo" inaweza kuwa mzaha kuhusu mchezaji dhaifu au shutuma kuhusu hila. Suluhisho ni kumtaja mbebaji: "Kipa wenu kawabeba leo." Kwa maana ya kwanza, methali *mbebwa hujikaza* inakaa vizuri kabisa.

*Kuuza mechi.* Kitenzi cha Kiingereza "throw" hutumika kwa anayepoteza mchezo kwa makusudi na pia kwa aliyekuwa anashinda akaboronga. *Kuuza mechi* hudokeza malipo. Lisitumike pasipo tuhuma ya fedha. Kwa aliyeboronga, *kuupoteza mchezo uliokuwa mkononi* kunatosha. "Feed", yaani kufa mara kwa mara na hivyo kumpa adui dhahabu na uzoefu, huweza kutafsiriwa *kulisha*, mradi mlishwaji atajwe: "Anawalisha wapinzani."

*Mdukuzi.* Neno hili limekubalika kwa anayeingia katika mifumo ya kompyuta bila idhini. Wachezaji humwita "hacker" mtu yeyote anayetumia programu za kumsaidia kulenga au kuona nyuma ya kuta, na mara nyingi zaidi humwita hivyo mtu aliyewashinda tu. Katika maana hizo *mdanganyifu* ni sahihi, na katika mazungumzo husikika pia *kuchiti*. Kumwandika mwanafunzi kuwa mdukuzi, ilhali mwenzake alilalamika tu kwamba alishindwa kwa hila, ni kumpa kosa la jinai kwa kalamu ya mfasiri.

Tambo, utani na tusi

Swali linalowasumbua walimu na wazazi ni kama maneno haya yote ni matusi. Jadi ya Waswahili haikatazi maneno makali ya ushindani. Kuna tambo na majigambo, kuna mipasho katika taarabu, na kuna utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na siku ya mechi yao mashabiki husemezana maneno ambayo siku nyingine yangevunja urafiki.

Utani, hata hivyo, una masharti. Watani hujuana, au angalau kila mmoja anajua mwenzake ni wa upande gani. Haki ya kutania ni ya pande zote mbili: anayetania leo atataniwa kesho. Tena utani una wajibu, kwani katika jamii nyingi watani ndio wanaosaidiana misibani. Gumzo la gemu huondoa masharti yote matatu. Anayesema hajulikani, anayeambiwa hana nafasi ya kujibu kabla mechi haijafungwa, na hakuna uhusiano wowote unaobaki baada yake. Ndiyo maana sentensi ambayo kati ya marafiki wanne wanaocheza sebuleni ni utani, ikitumwa kwa mgeni huwa kero, na ikirudiwa huwa bughudha.

Kwa kipimo hicho, neno moja linaweza kuwa na hukumu tofauti bila kubadilika hata herufi moja. Mwalimu anayemsikia mwanafunzi akimwita mwenzake kibonde aulize kwanza kama mwenzake naye anaweza kumwita hivyo akacheka. Jibu la swali hilo linafaa kuliko orodha yoyote ya maneno mabaya.

Muhtasari wa mwongozo

Mfasiri aanze na tendo la lugha kabla ya neno: je, usemi huu unashukuru, unajigamba, unadhihaki au unatuhumu? Achague kisawe kinachotenda tendo lile lile, hata kama maneno yake hayafanani na ya asili. Atafute kwanza katika msamiati wa mpira, uwindaji na utani, ambamo *kuvizia*, *mamluki*, *kususa*, *kibonde* na *mteremko* yamekwisha kukomaa. Akope pale tu kitu chenyewe kinapokuwa kigeni, kama vifupisho "gg" na "kek", ambavyo wachezaji huviandika vilevile katika lugha nyingi.

Mtunga kamusi, kwa upande wake, asitosheke na fasili. Kidahizo kama "gg" kinahitaji kuonyeshwa anayelisema, wakati anaposema na mfano wa kila matumizi. Fasili ya "mchezo mzuri" pekee si ya uongo, lakini humwacha msomaji asijue kwa nini mtoto aliyeandikiwa maneno hayo ameizima simu na kuzira chakula.